Anayehariri picha achague monita bapa

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mpigapicha aliyekwenda kununua monita aliuliza mambo mawili tu, ukubwa na bei. Leo anaulizwa la tatu: bapa au iliyopinda? Mara nyingi iliyopinda ndiyo inayowekwa mbele ya duka. Bei yake hukaribiana na ya bapa, na muuzaji ana maneno tayari: inafuata mzunguko wa jicho, haichoshi, inamweka mtazamaji ndani ya picha. Kwa anayecheza michezo ya kompyuta au kutazama filamu peke yake usiku, maneno hayo yana ukweli. Kwa anayehariri picha, hasa picha zitakazosafishwa kwenye karatasi na kulipiwa na mteja, hoja ya makala haya ni kwamba monita bapa ndiyo inayofaa. Msimamo huo hautokani na mazoea ya wakongwe. Unatokana na hesabu ya maumbo, tabia ya vioo vyenyewe, na aina ya sura ambazo wapigapicha wetu wanazihariri kila wiki.

Tuanze na mpindo wenyewe. Mwaka 2013 kampuni za Samsung na LG zilileta sokoni televisheni zilizopinda, zikatangazwa kwa kishindo, na baada ya miaka michache zikafifia, kwa kuwa familia iliyokaa sebuleni haiwezi kukaa yote katikati. Kwenye monita za kompyuta mpindo ulibaki, kwa sababu pale mtazamaji ni mmoja na yuko karibu. Kipimo chake huandikwa kwa namba na herufi R, kama 1000R, 1800R au 3800R. Namba hiyo ni nusu kipenyo cha duara ambalo kioo kimekatwa kutoka humo, kwa milimita, hivyo namba ikiwa ndogo mpindo ni mkali zaidi. Ahadi ya watengenezaji ni kwamba kila sehemu ya kioo itakuwa umbali uleule kutoka kwenye jicho. Ahadi hiyo inatimia mahali pamoja tu, kwenye kitovu cha duara. Kwa monita ya 1800R kitovu kiko mita 1.8 kutoka kwenye kioo, na hakuna anayekwangua vumbi kwenye picha au kulainisha ngozi ya bi harusi akiwa amekaa mita 1.8 kutoka mezani. Wengi hukaa kama sentimita 60. Hapo mpindo unapunguza tofauti ya umbali, lakini hauiondoi.

Haki lazima itendeke kwa upande wa pili, kwa hiyo tutazame faida hiyo kwa namba. Monita pana ya inchi 34, yenye uwiano wa 21 kwa 9, ina upana wa karibu sentimita 80. Ikiwa bapa, na jicho liko sentimita 60 mkabala wa katikati, kingo zake zinaonekana kwa mshazari wa nyuzi 34 hivi. Ikipindwa kwa 1800R, mshazari huo unashuka hadi nyuzi 23. Hiyo ni nafuu ya kweli, kwani rangi na mwangaza wa kioo hubadilika kadiri kinavyotazamwa kwa mshazari. Lakini chukua monita bapa ya inchi 27, ambayo upana wake ni karibu sentimita 60, uiweke umbali uleule. Kingo zake zinaonekana kwa nyuzi 26 au 27. Yaani monita bapa ya kawaida inakaribia kabisa matokeo ambayo ile pana ilihitaji kupindwa ili iyapate. Mpindo ni tiba ya upana, na asiyenunua upana hana ugonjwa wa kutibiwa.

Swali linalofuata ni kama mpigapicha anauhitaji huo upana. Kamera nyingi za lenzi za kubadilisha hutoa picha yenye uwiano wa 3 kwa 2. Monita pana ya inchi 34 na ile ya kawaida ya inchi 27 zina kimo kinacholingana, sentimita 33 na ushei. Kwa hiyo picha ya kulala ikijazwa kimo chote cha kioo itakuwa na upana wa sentimita 50 kwenye monita zote mbili, na picha ya kusimama itakuwa na upana wa sentimita 22 kwenye zote mbili. Upana wa ziada hauikuzi picha hata kidogo. Unatoa nafasi ya kupanga vidirisha vya zana pembeni, jambo linalorahisisha kazi, lakini si picha. Zaidi ya hapo, monita nyingi za inchi 34 zina pikseli 3440 kwa 1440, jumla yake takriban milioni 5, ilhali monita ya inchi 27 ya kiwango cha 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Kwa anayekagua ukali wa kope za macho kwenye picha ya pikseli milioni 24, tofauti hiyo ina thamani kubwa kuliko sentimita 20 za kuwekea vitufe.

Sasa tuje kwenye mistari iliyonyooka. Mstari wa mlalo uliochorwa kwenye kioo bapa unabaki umenyooka popote jicho lilipo. Kwenye kioo kilichopinda, mstari ulio sawa na kimo cha jicho pekee ndio unaobaki hivyo. Iliyo juu yake inaonekana ncha zikipanda, na iliyo chini inaonekana ncha zikishuka. Kiasi chake kinaweza kukokotolewa. Weka picha ya upana wa sentimita 50 katikati ya monita ya 1800R, jicho likiwa sentimita 60 mbele ya katikati ya kioo: mstari ulio kwenye ukingo wa juu wa picha utaonekana ncha zake ziko juu ya katikati yake kwa karibu nusu sentimita. Kwenye monita ya 1000R ni karibu sentimita nzima. Nusu sentimita ni kama asilimia moja na nusu ya kimo cha picha, na huo ni ukubwa wa kasoro za lenzi ambazo programu za kuhariri zimewekewa zana maalumu za kuzisahihisha. Umbo lake nalo linafanana na kasoro ya lenzi inayovuta pembe za picha kuelekea nje. Anayesahihisha lenzi kwa jicho mbele ya kioo cha namna hiyo yuko hatarini kusahihisha monita badala ya picha, na picha ikifika kwenye karatasi, dari ya ukumbi inavimba katikati. Anayepiga picha za majengo, vyumba vya hoteli, bidhaa kwenye masanduku, au upeo wa bahari kutoka Forodhani ana sababu ya kulipima jambo hili kabla ya kulipia.

Watetezi wa monita zilizopinda wana jibu, nalo si la kupuuzwa. Wanasema ubongo huzoea. Macho mawili yanatambua kuwa kioo kimepinda, na baada ya siku chache mtumiaji haoni tena mpindo. Wanaongeza kuwa faili lenyewe halipindi: picha iliyonyooka itabaki imenyooka ikifunguliwa kwingine, na programu zina gridi za kupimia. Yote hayo ni kweli. Lakini kuzoea kasoro maana yake ni kuacha kuiona, na kuhariri picha ni kazi ya kuziona kasoro. Monita kwa mpigapicha ni kama mizani kwa muuza sukari: akizoea mizani iliyoinama, mazoea hayo hayamrudishii mnunuzi gramu zake. Gridi nayo inasaidia pale tu mtu anapokumbuka kuiwasha, na uamuzi mwingi katika kuhariri hufanywa kwa kutazama, bila kupima. Kama upo uwezekano wa kununua kioo kisichohitaji kuzoewa wala kushikiwa rula, ni vigumu kupata sababu ya kununua kinachohitaji.

Hoja ya maumbo, hata hivyo, ni nusu tu ya kesi. Nusu ya pili, na pengine iliyo nzito zaidi, ni aina ya kioo kilichomo ndani. Monita nyingi zilizopinda, hasa za bei ya kati na ya chini, hutumia kioo cha aina ya VA, ambacho hukubali kupindwa bila kuvujisha mwanga sana. Monita nyingi bapa zinazouzwa kwa kazi za rangi hutumia IPS, teknolojia ambayo kampuni ya Hitachi ya Japani iliileta sokoni mwaka 1996 hasa kutatua tatizo la rangi kubadilika mtazamaji akisogea. Boksi la VA na boksi la IPS yote mawili yataandikwa kwamba kioo kinaonekana kwa nyuzi 178, na mnunuzi atadhani viko sawa. Kipimo hicho hakizungumzii rangi. Kwa kawaida kinamaanisha kwamba ukitazama kutoka pembeni kabisa, sehemu nyeupe bado inang'aa angalau mara kumi kuliko nyeusi. Herufi zitasomeka, lakini rangi inaweza kuwa imeshahama. Kwenye VA kinachohama kwanza ni sehemu za giza: ukizitazama moja kwa moja zinadidimia kwenye weusi, na ukizitazama kwa mshazari zinapauka. Kwenye kioo kimoja, kwa wakati mmoja, kivuli cha katikati na kivuli cha pembeni vyenye thamani ileile ndani ya faili vinaonekana tofauti. Kichwa kikisogea, navyo vinabadilika.

Kwa mpigapicha wa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu watu anaowapiga wana ngozi nyeusi, na taarifa nyingi za uso mweusi zimo katika sehemu zenye giza za picha. Fikiria harusi ukumbini: bwana harusi mweusi, suti nyeusi, taa za mapambo za zambarau na mwanga kidogo usoni. Shavu, taya na kola vimetenganishwa na tofauti ndogo mno za giza. Kioo kinachozididimiza kitamfanya mhariri ainue vivuli kupita kiasi, na uso utatoka kwenye karatasi ukiwa wa kijivu. Kioo kinachozipausha kitamfanya aviache vilivyo, na uso utamezwa na suti. Teknolojia ya picha imewahi kuwadhulumu watu weusi kwa njia hii. Kuanzia katikati ya karne ya 20 kampuni ya Kodak ilisambaza kwenye maabara kadi za kupimia rangi zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyosafishwa vizuri. Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Canada aliyeichunguza historia hiyo, ameeleza jinsi malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, waliotaka rangi zao za kahawia zitokee sawasawa, yalivyochangia Kodak kuboresha filamu zake. Kamera za leo zinazinasa ngozi hizo vizuri. Itakuwa hasara kubwa kuzipoteza tena mezani, kwa sababu ya kioo tulichokichagua wenyewe.

Hapa atatokea mwenye kusema kuwa VA ndiyo yenye weusi wa kweli. Ni kweli kwamba kioo cha VA mara nyingi hufikia uwiano wa weupe kwa weusi wa 3000 kwa 1, wakati IPS ya kawaida iko karibu na 1000 kwa 1. Kwa filamu, hiyo ni faida inayoonekana wazi. Kwa picha ya karatasi, tuulize karatasi yenyewe ina uwezo gani. Hata karatasi inayong'aa, yenye wino mzuri, haivuki uwiano wa mia chache kwa moja. Uwezo wa IPS unatosha na kubaki. Weusi wa VA unamwonyesha mhariri kina ambacho albamu ya mteja haitakuwa nacho kamwe, na kwa bei ya kuyumba kwa vivuli ambavyo albamu hiyo inavihitaji.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba si kila monita iliyopinda ni VA. Ni kweli. Dell U4021QW ya inchi 40 ni IPS yenye mpindo wa 2500R, na ASUS katika familia yake ya ProArt, inayolenga wabunifu, imetoa monita pana zilizopinda za IPS. Tangu mwaka 2022 zipo pia za OLED za inchi 34, za 1800R, ambazo hazina ile tabia ya VA ya kubadilisha vivuli. Kwa monita za namna hii, hoja ya rangi inadhoofika sana, na anayemiliki moja hana sababu ya kuiuza kwa hofu. Lakini tazama mpindo wenyewe unavyokuwa pale mtengenezaji anapomlenga mtu wa rangi: ProArt PA34VCNV ina 3800R, mpindo hafifu unaokaribia ubapa. Tazama pia monita zilizojengwa mahususi kwa wapigapicha, kama familia ya ColorEdge ya EIZO ya Japani au SW ya BenQ. Hizo ni bapa. OLED nayo ina mtihani wake mezani kwa mhariri, kwani vidirisha vya zana vinavyokaa mahali pamoja saa nane kwa siku vinaweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo. Na hakuna kioo kilichopinda, kiwe cha aina gani, kinachokwepa ile hesabu ya mistari.

Yapo pia mambo ya kazi ya kila siku. Studio nyingi zetu humkalisha mteja kando ya mhariri ili achague picha za albamu ya harusi au kipaimara. Monita iliyopinda imejengwa kwa mtu mmoja aliyekaa katikati. Aliye kulia anautazama ukingo wa kulia kwa mshazari mkali zaidi kuliko ambavyo angeutazama kwenye kioo bapa, na mabishano ya kuwa gauni limekuwa la manjano yanaanzia hapo. Monita bapa yenye stendi ya kuzunguka inaweza kusimamishwa wima kwa kazi ya picha za sura, jambo ambalo mpindo unalifanya lisiwe na maana. Lakini ipo hoja moja dhidi ya mpindo ambayo haifai kutumiwa. Wengine hudai kuwa kipima rangi hakiwezi kukaa vizuri kwenye kioo kilichopinda. Kwa kifaa cha upana wa sentimita sita kwenye 1800R, pengo linalobaki ni kama robo ya milimita. Kifaa kitasoma bila shida, na msimamo mzuri hauhitaji hoja dhaifu.

Tukishalimaliza la umbo, tukiri kwamba monita bapa pekee haileti rangi sahihi. Anayenunua aangalie kwanza kioo cha IPS, kisha uwezo wa kuonyesha sRGB yote, ile nafasi ya rangi iliyobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na inayotumika kwenye simu na tovuti nyingi hadi leo. Anayesafisha picha kubwa kwa wino wa hali ya juu atafute pia monita inayokaribia Adobe RGB. Baada ya hapo fedha inayofuata iende kwenye kipima rangi, kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo kusoma rangi zinazotoka na kutengeneza faili la kuzisahihisha. Programu ya DisplayCAL ya kuendeshea vifaa hivyo ni ya bure. Weka weupe kwenye kelvini 6500, gama 2.2, na mwangaza kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwangaza mkubwa kuliko huo, na ndiyo sababu ya malalamiko ya kila siku kwamba picha zimetoka duka la kusafishia zikiwa na giza. Picha hazikuwa na giza. Kioo ndicho kilichokuwa kinang'aa mno. Dirisha lisiwe nyuma ya mhariri wala mkabala wa macho yake, na ukuta ulio mbele yake usiwe wa rangi kali.

Kwa mwenye bajeti ndogo, habari ni njema. Monita bapa ya IPS ya inchi 24 au 27, hata ya mtumba iliyotumika ofisini, ikikaguliwa isiwe na madoa wala kona zilizopauka, kisha ikasawazishwa kwa kipima rangi cha kuazima au cha kuchangiwa na wapigapicha wawili watatu, itatoa uamuzi wa kuaminika kuliko monita mpya iliyopinda ambayo haijawahi kupimwa. Na anayehariri video zaidi ya picha, anayehitaji mstari mrefu wa vipande vya filamu mbele yake, anaweza kuchukua monita pana iliyopinda bila kujilaumu, mradi iwe ya IPS, mpindo wake uwe wa 2500R au hafifu zaidi, picha zihaririwe katikati ya kioo, na kunyoosha mistari kufanywe kwa gridi.

Kwa wengine wote jibu ni moja. Picha ya harusi itaishia kwenye albamu bapa, tangazo litaishia kwenye bango bapa, na mamilioni ya picha nyingine yataishia kwenye simu bapa mkononi. Anayeamua rangi na mistari ya picha hizo aziamue kwenye kioo bapa, cha IPS, kilichosawazishwa. Kabla hujatoa pesa dukani, mwombe muuzaji afungue picha ya uso mweusi kwenye mwanga hafifu, sogeza kichwa kulia na kushoto, na utazame shavu. Likibadilika, rudisha pesa mfukoni.